Safari ya Makumbusho: Tusipite Tu, Tujaribu kwa Mikono



Somo la mara hii linahusu jambo ambalo vikundi vingi vya Migori na Homa Bay hulifanya, lakini ni vichache hukaa chini kulizungumzia. Ni ile safari ya kwenda kuona makumbusho. Pesa huchangwa kidogo kidogo kwa miezi, matatu hukodishwa, chapati hupikwa usiku, na alfajiri watu huondoka kwenda Kisumu wakiimba. Jioni wanarudi wamechoka na wamefurahi. Wiki ifuatayo ukimwuliza mwanachama aliona nini, atakujibu bila kufikiri: "Niliona simba amemrukia nyumbu. Niliona nyoka. Niliona mbuta, wee, mkubwa ajabu!" Basi mwulize tena: "Na juu ya ziwa letu, ulijifunza nini?" Hapo ananyamaza.

Hatusemi hivi ili kumlaumu mtu. Aliyelima mwaka mzima ana haki ya kutembea na kufurahi. Lakini pesa za kikundi ni pesa za kikundi, na zile zilizolipia matatu zingeweza kununua kuku au mbegu. Tena jambo lenyewe si la mchezo. Mle ndani mna habari za samaki, maji, udongo na mimea, yaani habari za sufuria zetu. Kwa hiyo tuulizane bila kuoneana haya: mtu anapotembelea maonyesho kama yale, ni nini kinachomfanya ajifunze, na ni nini kinachomfanya apite tu?

WAGENI HUFANYAJE NDANI YA MAKUMBUSHO

Swali hili ni la zamani kuliko sisi. Mwaka 1916 bwana mmoja wa makumbusho ya Boston, Marekani, aitwaye Benjamin Ives Gilman, alichapisha makala juu ya uchovu wa makumbusho. Alitumia picha za mtu anayejaribu kutazama vitu kabatini na kusoma maandishi yake: ameinama, amechuchumaa, amepinda shingo. Picha zile zilionyesha wazi kwamba mgeni huchoka mwili kabla macho hayajatosheka. Tangu hapo wengine wamesimama pembeni na saa mkononi wakiwahesabia wageni muda. Walikuta kwamba mbele ya maonyesho mengi mtu hakai hata dakika moja. Mwanzoni anasoma, baadaye anatazama, mwishoni anapita.

Nasi tumefuatana na vikundi tukaona vivyo hivyo. Karibu na mlango watu wanasimama, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anatafsiri kwa Dholuo. Baada ya nusu saa msomaji amechoka, mtafsiri ameenda kutafuta maji, na kundi lote linatembea kama ng'ombe wanaorudi nyumbani jioni. Maandishi marefu ni shida hata kwa aliyesoma. Kwa mama ambaye hakupata shule ni ukuta.

KUGUSA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Ndipo likaja wazo jingine. Badala ya kumwekea mgeni kioo na kumwambia "usiguse", mpe kitu akishike, akizungushe, amwage maji, aone kinachotokea. Mtu anayetajwa sana katika jambo hili ni Frank Oppenheimer. Alikuwa mwanasayansi wa fizikia. Mwaka 1949 alilazimika kuacha kazi ya chuo kikuu kwa sababu za siasa, akaenda kufuga ng'ombe Colorado, na baadaye akafundisha shule ya sekondari huko huko. (Pengine ng'ombe walimfundisha jambo ambalo chuo kikuu hakikumfundisha, hayo ni maoni yetu.) Mwaka 1969 alifungua mjini San Francisco jumba liitwalo Exploratorium. Humo karibu kila kitu kimewekwa ili kishikwe, na vijana wanazunguka si kwa kulinda vitu bali kwa kuzungumza na wageni.

Sasa mtu asidhani kwamba kugusa peke yake kunatosha. Hapana. Mtoto anabonyeza kitufe, taa inawaka, anacheka, anakimbilia kitufe kingine. Mkono umefanya kazi, kichwa kimelala. Watafiti wa jumba hilo hilo waliliona jambo hili wenyewe: chombo kikiwa na vishikio vingi, vyote vinaita kwa pamoja, mgeni huchanganyikiwa akaondoka. Walipounda vyombo vinavyomwachia mgeni kujiulizia maswali yake mwenyewe na kujaribu kwa njia zaidi ya moja, muda wa kukaa ulipanda kutoka kama dakika moja hadi zaidi ya tatu. Dakika tatu zaonekana kidogo. Hebu simama mbele ya kitu kimoja dakika tatu uone zilivyo ndefu.

Kuna jambo lingine walilofanya ambalo lilitupendeza kuliko hayo yote, kwa sababu halina gharama. Walizifundisha familia mazoea mawili tu. Kwanza, kuuliza swali ambalo jibu lake laweza kupatikana pale pale kwa kujaribu. Pili, baada ya kujaribu, kusema wanafikiri wameona nini. Familia zilizofundishwa hivyo zilikaa muda mrefu zaidi na kujaribu mengi zaidi. Hapakuongezwa mashine hata moja. Kilichoongezwa ni namna ya kuulizana.

PALE AMBAPO WATU WETU HAWANYAMAZI

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980, na hayakujengwa kwa mfano wa San Francisco. Yana vitu vya wenyeji, wanyama waliokaushwa, matangi ya samaki, nyoka, na nje kuna boma kamili la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala. Lakini tumeona jambo pale. Kundi lililokuwa kimya mbele ya kabati likifika bomani, midomo inafunguka. Nyumba ya mikayi ni ipi? Ya nyachira je? Simba ya kijana mkubwa imewekwa sawa? Wazee wanabishana. Akina mama wanaipima dero kwa macho na kusema kama panya angeingia. Msichana wa shule anauliza, "Dani, kwa nini ua ni wa ojuok?" na nyanya yake, ambaye asubuhi yote hakutoa neno, sasa ndiye mwalimu.

Kwenye matangi ya samaki ni vivyo hivyo kwa wavuvi. Na mbele ya mbuta yule mkubwa tulisikia mazungumzo haya. Mzee mmoja alisema, "Huyu ndiye aliyenisomeshea watoto." Mama mmoja akamjibu kwa heshima, "Ni kweli, baba. Lakini fulu niliokuwa nikiwaanika juani bila gharama, amewameza yeye. Na yeye mwenyewe ana mafuta, juani hakauki. Ili nimkaushe nikakata miti."

Wote wawili walisema kweli. Mbuta hakuwa samaki wa ziwa letu. Alitiwa humo kuanzia miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akawa amejaa. Kabla yake fulu walikuwa wa aina nyingi sana. Wataalamu wanakadiria zaidi ya 500 katika ziwa lote. Wengi wao walitoweka au wakabaki wachache. Mbuta alileta viwanda, pesa na kazi, na pia alibadilisha nani anakula nini majini na kuni ngapi zinachomwa nchi kavu. Hiyo ndiyo elimu ya mazingira: kiumbe mmoja, na vingine vyote vinavyosogea kwa sababu yake. Hakuna maandishi ya ukutani yangewaingiza watu wale katika somo upesi hivyo. Walijibizana na samaki aliyekufa kwa sababu kila mmoja alikuja na la kusema.

Hapo ndipo tunapotaka vikundi vitazame. Wengi hudhani mgeni wa kijijini anapita tu kwa sababu hajasoma. Sisi tunaona anapita kwa sababu hakuna aliyemwuliza analolijua.

KABLA YA KUPANDA MATATU

Kikundi kikutane wiki moja kabla ya safari. Chagueni vitu vitatu tu, visizidi, ambavyo mtavitazama kwa makini. Vingine mtaviona mkipita, hakuna ubaya. Kila mwanachama aende na swali moja lake, na liwe swali la kujaribu au la kutazama, si la kusomewa. "Kamongo anaishi wapi?" ni swali la kusomewa. Mkimkuta kamongo katika tangi, ulizeni hivi: "Atapanda juu kuvuta hewa baada ya muda gani?" Kila mtu akisie. Mmoja ashike saa, na vijana wabane pumzi pamoja naye. Mtacheka, ndiyo, lakini hakuna atakayesahau kwamba samaki yule anahitaji hewa ya juu, na mtaanza wenyewe kuuliza kwa nini anaweza kuishi matopeni ambako ngege angekufa.

Anzeni na mambo ya ziwa mkiwa bado na nguvu. Nyoka wawe wa mwisho. Watoto hawatakosa kufika huko hata mkiwaficha. Mpelekeni mzee mmoja na kijana mmoja wawili wawili, mzee aeleze anachokijua na kijana asome kilichoandikwa. Na mwasiliane na makumbusho mapema, mwombe mtu wa idara ya elimu awapokee. Mwambieni mapema mmechagua vitu gani vitatu, asije akawapitisha mbio kwa kufikiri mnataka kuona vyote.

Si lazima kwenda Kisumu. Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Humo unaweza kuuliza: ng'ombe wangapi wangelala zizini hapa? Maji na kuni vilitoka wapi? Pimeni kwa hatua zenu. Ila pale mkono ukae mbali na ukuta. Jiwe moja likivutwa, mengine hufuata. Homa Bay kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba katika kisiwa cha Mfangano, na Mbuga ya Ruma ambako korongo, yule swala mkubwa, amebaki. Pengine pote Kenya ametoweka.

AJUA YA GUGU-MAJI

Sasa tufike kwenye lile ambalo kikundi kinaweza kulifanya bila nauli. Chukueni ubao wa ajua, au chimbeni mashimo 16 mchangani, safu mbili za nane nane. Punje moja ya mahindi ni shina moja la gugu-maji. Gugu hili likipata joto na rutuba laweza kuongezeka maradufu katika wiki mbili hivi. Kwa hiyo kila shimo ni wiki mbili. Wekeni punje 1 shimo la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, 8 la nne.

Simameni hapo. Kila mtu akadirie: shimo la 16 litataka punje ngapi? Wengi watasema mia mbili, mia tano. Mtu jasiri atasema elfu mbili. Andikeni makadirio yote na jina la kila mtu, hata la mwenyekiti. Msiruke hatua hii, maana ndiyo yenye kazi. Aliyekisia ana jambo lake pale mchangani, hataondoka kabla hajajua.

Endeleeni. Shimo la nane ni punje 128, na watu bado wanacheka. Shimo la 11 ni 1,024, shimo limefurika. Shimo la 16 ni punje 32,768, karibu gorogoro tano za mahindi. Na kutoka shimo la kwanza hadi hapo ni wiki 30 tu, kama miezi saba.

Kisha ulizeni hili: kama mwanzoni, kwenye shimo la pili, mtu angeng'oa shina moja kati ya yale mawili, mwisho wangekuwa mangapi? Mwacheni mtu wa kikundi ahesabu mwenyewe. Ni 16,384. Kwa hiyo kung'oa shina moja mapema ni sawa na kung'oa mashina 16,384 baadaye. Yule anayelima karibu na ufuo ataelewa maana yake kwa mgongo wake.

Haya si hadithi. Gugu-maji lilionekana upande wa Kenya mnamo 1990, na mwaka 1998 katika Ghuba ya Winam lilifunika takriban hekta 17,000. Mitumbwi ilinaswa, na nyavu zikakosa pa kutupwa. Mwaka 1997 waliachiliwa wadudu wadogo aina ya fukusi wanaolila, na kufikia mwaka 2000 gugu lilikuwa limepungua sana. Wataalamu wenyewe wamebishana: je, ni fukusi, au ni mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998? Sisi hatuoni kwa nini isiwe yote pamoja. Lakini lilirudi baada ya mvua za 2006 na 2007, na limekuwa likija na kupungua, maana mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi.

Mwerevu mmoja wa kikundi atauliza, "Ikiwa linaongezeka hivyo, mbona ziwa lote halijajaa?" Msifuni. Kweli, ziwa si ubao wa ajua. Gugu hukomea pale chakula kinapokwisha, au mawimbi yanapolivunja, au wadudu wanapolizidi. Basi chakula chake hutoka wapi?

CHUPA TATU

Kateni ubavu wa chupa tatu kubwa za plastiki, mzilaze kwenye benchi lililoinama kidogo, midomo ikitazama chini. Zote zijazwe udongo wa shamba moja. Ya kwanza iachwe uchi. Ya pili ifunikwe majani makavu. Ya tatu ioteshwe nyasi, au itiwe kipande cha udongo chenye nyasi zilizokwisha ota. Hii itayarishwe wiki mbili tatu mapema. Chini ya kila mdomo wekeni glasi. Kisha kisieni: maji ya chupa ipi yatatoka mekundu? Mwagieni kila moja kikombe kimoja cha maji, taratibu, kwa mkebe uliotobolewa.

Hatutawaambia matokeo, jaribuni. Tutasema tu kwamba glasi zile tatu zikishapangwa juani, mtu wa Kuja anaujua mto wake. Kuja hutoka milima ya Kisii, hukutana na mto Migori, huingia ziwani. Awach Kibuon na Awach Tende huingia upande wa Homa Bay. Udongo unaobebwa humo una nitrojeni na fosforasi, yaani ile rutuba uliyoinunua kwa mbolea. Pamoja na uchafu wa miji na mavi ya mifugo, ndicho chakula cha gugu-maji. Anayelima mlimani na anayevua Homa Bay hawajuani, lakini glasi ile ni ya wote wawili.

Kikundi cha ufuoni chaweza kuleta pia shina moja la gugu lenyewe ndani ya beseni. Lizamisheni, liachilieni, litaibuka. Pasueni kikonyo kilichovimba muone sponji yenye hewa. Tazameni majani: yakiwa na vidonda vidogo vidogo vilivyokwanguliwa, fukusi wako kazini. Tahadhari mbili hapa. Atakayelichota asiingie majini miguu wazi, wala asitume watoto, kwa ajili ya kichocho. Na mkimaliza, likausheni juani mlichome. Msilitupe kisimani, mtoni wala kwenye bwawa la samaki la jirani. Kwa wenzetu wa machimbo ya dhahabu Migori tunaongeza neno moja: zebaki si kitu cha kuonyesha wala kuguswa katika somo lolote.

Wengine hupenda mchezo wa kamba, ambapo mmoja ni jua, mwingine omena, mwingine mbuta, mwingine mvuvi, wote wameshikana kwa uzi. Ni mzuri kwa kuchangamsha. Sisi tunauona umepungukiwa, kwa sababu mtu mmoja akivuta wote wanatikisika, na watu wanaenda nyumbani wakisema "vitu vyote vimeungana" bila kujua vimeunganaje. Mkiucheza, muulize kila mara: nani anatikisika wa kwanza? Nani hatasikia mpaka mwaka ujao?

Anayeongoza somo asiwe mtu yule yule kila siku. Kazi yake ni kuuliza, kisha kunyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu. Viongozi wetu tunawapenda, lakini wakiona watu wamekusanyika wanahutubu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Katika safari yenu ya mwisho, ni mahali gani watu walisimama muda mrefu, na kwa nini? Ni nani katika kikundi anayejua jambo la ziwa au shamba ambalo hajawahi kuulizwa? Shamba la nani hapa kwetu linafanana na chupa ya kwanza? Gugu-maji lililo karibu nanyi leo liko shimo la ngapi?

Makadirio ya ajua yatunzwe na katibu. Baada ya miezi miwili, siku ya mkutano wa kawaida, asisome kitu. Awaulize tu wanachama wanakumbuka nini cha siku ile, na wanakumbuka nini cha safari ya Kisumu, aandike yote mawili kando kando katika daftari la kikundi. Kabla ya kukodi matatu tena, daftari hilo lifunguliwe.